Sifa ya Anayerudi

Saa tatu kasorobo asubuhi, mwaloni Kibara, kina mama wameshamwaga dagaa na wanawageuza taratibu kwa fagio. Mitumbwi iliyokesha ziwani imepandishwa ufukweni, taa zimezimwa, na wavuvi wanasinzia chini ya miti. Ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa shule, kuna kipande cha ardhi kilichozungushiwa waya. Ndani yake umesimama mlingoti wa chuma wenye kisanduku cheupe kifuani na paneli ndogo ya sola begani. Kando yake, juu ya nguzo fupi, kimewekwa kipima mvua chenye mdomo mpana. Wapita njia hudhani ni mnara mdogo wa simu. Watoto wana hakika kuwa ni kamera.

Fundi amefika kwa bodaboda, begi mgongoni. Anaitikia shikamoo za watoto, lakini hagusi kufuli. Anazunguka mlingoti mara moja, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Anaona kinyesi cha ndege kwenye paneli, waya mmoja uliolegea, na buibui aliyetandaza utando mdomoni mwa kipima mvua. Anatoa kaunta buku lililochakaa jalada, anaandika tarehe, saa na hayo aliyoyaona. Ndipo anatafuta ufunguo.

Nilianza kazi hii nikiwa mbeba begi la mtu kama huyo. Nimeona vifaa vingi vikifungwa kwa shangwe, vikakatiwa utepe na kupigwa picha. Mtu wangu hayumo katika picha hizo, kwa sababu yeye huja baadaye, peke yake, siku ambayo hakuna hotuba. Hapa nataka kuisifu kazi yake, na ndani ya kazi hiyo nataka kusifu zaidi kitendo kimoja: kurudi.

Kinasa data, au loga kama tunavyoita wenyewe kazini, ni karani. Hakipimi kitu. Kupima ni kazi ya vipimo vilivyounganishwa nacho kwa waya: cha joto, cha unyevu wa hewa, cha mvua, cha kina cha maji. Karani ana majukumu matatu tu: kuuliza kila muda aliopangiwa ukifika, kuandika jibu pamoja na saa yake, na kutosahau. Ukimpangia robo saa, atauliza mara 96 kwa siku, mara 35,040 kwa mwaka. Hatalala, hataugua, hatakwenda msibani. Hakuna binadamu wa kumshinda kwa hilo.

Ila karani huyu hajui kustaajabu. Waya ukikatika, kipimo kikaanza kudai kwamba Kibara kuna baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ataandika hivyo kwa mwandiko uleule safi. Ataandika tena baada ya robo saa, na tena, hadi atokee mtu wa kumwambia, "Hapana, hapa kuna wanawake wanaanika dagaa juani." Kustaajabu kumebaki kazi ya binadamu. Na mtu hawezi kustaajabia asichorudi kukitazama.

Mkoa wetu wa Mara ulinasa mvua zake kabla ya vinasa data kuwapo. Mwaka 1922, huko Butiama, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alipata mtoto siku ya mvua kubwa. Mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baadaye alibatizwa Julius na dunia ikamjua kwa jina hilo, lakini lile la kwanza ni rekodi halisi ya hali ya hewa: lina mahali, lina tukio, na limetunzwa kwa miaka zaidi ya mia moja bila kuharibika. Kilichokosekana ni kiasi. Jina halituambii kama zilinyesha milimita 20 au 90, wala kama ilianza alfajiri au jioni. Na jina hutunza mvua iliyotikisa watu. Kinasa hutunza pia manyunyu ya Jumanne ambayo hakuna aliyeyajali, na kwa mwenye shamba la mtama anayejiuliza kama vuli imeanza kweli au imemtania, jibu limo katika jumla ya manyunyu kama hayo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria mali yetu kubwa ni maji, na daftari lake ni refu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Upande wa Uganda, usawa wa ziwa umekuwa ukisomwa tangu mwaka 1896. Kutokana na daftari hilo tunajua kwamba kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, likameza mialo na mashamba. Mshtuko ule ulizaa mradi wa Hydromet mwaka 1967, ulioziunganisha nchi kadhaa za bonde la Nile katika kupima mvua, mito na maziwa kwa pamoja. Miaka ile karani alikuwa ngoma: bomba la duara lililoviringishiwa karatasi, likizungushwa na saa ya kutiwa ufunguo, huku kalamu ya wino ikipanda na kushuka kufuata boya. Ilimlazimu mtu aende kubadilisha karatasi, kutia wino na kukaza saa. Asipokwenda, kalamu iliendelea kuchora juu ya mistari ileile hadi karatasi ikawa tope jeusi.

Mwaka 2006 ziwa likashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 80. Wakazi wa ufukweni walilima mahali ambapo babu zao walitega nyavu. Kisha, Mei 2020, likapanda kupita kiasi. Kipimo cha Jinja, upande uleule wa Uganda, kikasoma mita 13.42. Rekodi ya zamani, ya Mei 1964, ilikuwa mita 13.41.

Tofauti ni sentimita moja. Upana wa ukucha wa kidole kidogo ndio uliotenganisha mwaka uliovunja rekodi na mwaka ambao ungekuwa wa pili. Sentimita hiyo si ya kudharau, kwani ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sentimita moja juu ya eneo hilo ni maji yenye mita za ujazo karibu milioni 688. Lakini kwa fundi maana yake ni nyingine: historia ya ziwa zima inaweza kusimama juu ya kosa dogo kuliko kifundo cha waya. Tangu nilipozielewa namba hizo mbili, sijawahi tena kuuliza kwa nini mwalimu wangu wa kazi alikuwa akipiga magoti matopeni kupima kitu kilekile mara ya tatu.

Basi kazi yenyewe ikoje?

Huanza kwa kuchagua mahali. Kipima mvua hakitaki kivuli wala jirani mrefu. Kanuni yetu ni kukaa mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wake: mwembe wa mita 10, nenda mita 20. Ukisogea karibu, mti hukunyima mvua ya upepo, kisha hukuongezea matone yake baada ya mvua kwisha. Kwenye mji mdogo kama huu kila mwenye uwanja ana mwembe na kila mwembe una mwenyewe, kwa hiyo fundi hujikuta katika mazungumzo marefu na walimu na wazee kabla hajachimba shimo la kwanza. Hayo mazungumzo ni sehemu ya kazi. Kifaa kilichosimikwa bila jirani kukubali hakikai.

Kisha huja kusawazisha. Chombo kinachotumika hapa ni kilekile cha mwashi, kile chenye povu linaloelea kwenye kimiminika cha kijani, na Kiswahili tayari kilikuwa kimekipa jina la kutufaa: pimamaji. Tunachukua pimamaji kusawazisha kipima mvua. Ndani ya kipima mvua hicho kuna vijiko viwili vilivyoungana mgongo kama bembea ya watoto. Maji hudondokea kimoja; kikijaa, bembea inabinuka, kinamwaga, na mwenzake anapokea zamu. Kila mbinuko hupitisha sumaku ndogo mbele ya swichi, na karani anaandika moja. Ukisikiliza kwa karibu mvua ikinyesha, unasikia: ta… ta… ta. Nguzo ikiinama kidogo tu, kijiko kimoja kitajaa zaidi ya mwenzake, na bembea itaanza kudanganya kwa upole, bila kelele, mwaka mzima.

Namna ya kuikagua bembea hiyo ni mojawapo ya mambo mazuri ninayoyajua. Mdomo wa kipima mvua chetu una upana wa sentimita 20, na kila mbinuko unapaswa kuwa milimita 0.2 za mvua. Piga hesabu ya eneo la mdomo, utapata kwamba kila kijiko kinapaswa kumwaga mililita 6.28. Kwa hiyo fundi huja na chupa yenye mililita 628, ametoboa kizibo kwa sindano, anaigeuza juu ya mdomo na kuiacha idondoshe polepole. Mwishoni karani anapaswa kuwa ameandika 100. Akiandika 98, tunakaza skrubu moja nusu mzunguko na kuanza upya. Huwezi kuharakisha, maana maji yakimiminwa kwa kasi hupita wakati bembea iko katikati ya kubinuka, yasihesabiwe. Chupa moja huchukua karibu saa nzima. Fundi hukaa chini ya mwembe ule uliojadiliwa, anakula karanga, anahesabu.

Baada ya maji, saa. Hapa ndipo Mswahili ana mtihani wake peke yake.

Mvua ya nchi hii husomwa saa tatu asubuhi. Saa tatu hiyo, simu ya fundi huiandika 09:00. Saa ya kimataifa, UTC, ambayo watabiri wa dunia nzima huitumia ili waelewane, huiandika 06:00. Tukio moja, namba tatu: 3, 9 na 6. Mtu wa Kibara hugeuza 9 kuwa 3 kichwani bila kujua kwamba amefanya hesabu. Ameifanya tangu utotoni. Karani hana utoto. Ukimwekea saa ya simu huku ofisi inayopokea data ikidhani ni UTC, siku yake itakatika saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa tatu, na mvua yote iliyonyesha katikati ya hapo itahamia siku isiyo yake. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Data zitaonekana nzuri kabisa. Kwa hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kila kituo tunaandika kwa herufi kubwa saa gani inatumika, na chini yake, kwa Kiswahili cha mwaloni, "06:00 ya humu ni saa tatu asubuhi."

Na saa hupotea njia hata ikiwekwa vizuri. Ndani ya karani kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Joto la kisanduku humbadilishia mwendo kidogo, na kidogo hicho baada ya miezi huwa dakika. Mwanafunzi akiona saa imepotoka hukimbilia kuirekebisha. Mwalimu wangu alinishika mkono: kwanza andika imepotoka kwa kiasi gani na kuelekea upande gani, ndipo urekebishe. Kosa lililoandikwa linaweza kusahihishwa nyuma, rekodi nzima ikapona. Kosa lililofutwa kimyakimya hubaki humo milele.

Tukimaliza uwanjani hushuka ziwani. Huko karani mwingine anasikiliza maji. Bomba la chuma limesimamishwa wima, lina matundu madogo chini ili maji yaingie na mawimbi yabaki nje, na ndani yake kimening'inizwa kipimo cha mgandamizo. Kadiri maji yanavyopanda juu yake, ndivyo kinavyoelemewa. Lakini hewa nayo ina uzito, na hewa inayalalia maji. Hektopaskali moja ya hewa huonekana kwa kipimo kama sentimita moja ya maji: sentimita ileile ya 1964 na 2020. Ili kuiondoa, ndani ya waya wa kipimo hupita mrija mwembamba unaofika juu na kupumua hewa ya nje, na mwisho wake umewekewa chembe za silika zinazonyonya unyevu. Zikiwa kavu ni za buluu. Zikishiba maji huwa waridi.

Mwaka mmoja tulichelewa kurudi. Chembe ziligeuka waridi, mrija ukaziba kwa matone, na tuliposhusha data tukaona jambo la ajabu: ziwa lilikuwa likipumua. Lilipanda sentimita 3 kila saa nne asubuhi, likashuka alasiri, likapanda tena saa nne usiku, likashuka kabla ya alfajiri. Kijana mmoja mwenzetu, mzaliwa wa Tanga, alifurahi akasema ni maji kujaa na kupwa. Tulicheka, ila kosa lake lilikuwa na akili. Kulikuwa na kujaa na kupwa kweli, ila kwa hewa: katika nchi za joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na kwa kuwa mrija wetu ulikuwa umekabwa, karani alikuwa akiandika pumzi ya anga akidhani ni ziwa. Tulibadilisha chembe zilizogharimu chini ya nauli yetu ya siku. Pumzi ikakoma.

Umeme nao una tabia zake. Betri ya volti 12 ikipumzika na kusoma 12.6, imeshiba, ikisoma 11.8, ina njaa, na karani mwenye njaa huanza kuruka zamu usiku, wakati ambao ziwa hili ndilo huwa na mambo. Mchana nchi kavu hupata joto na mawingu hujijenga juu yake. Usiku maji ndiyo yenye joto, na ngurumo huhamia ziwani, juu ya vichwa vya wavuvi wa dagaa. Rekodi ya saa hizo ina thamani kuliko zote. Kwa radi tunapigilia fimbo ya shaba ardhini na kuunganisha mlingoti nayo, tukikumbuka kwamba udongo wa kiangazi ukikauka hupokea umeme kwa kusitasita. Paneli tungeweza kuilaza, kwa sababu tuko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta na jua hupita utosini. Tunaiinamisha kidogo kwa sababu ya kienyeji kabisa: mvua ioshe kinyesi cha ndege.

Sasa niseme kosa langu.

Mwezi wa Aprili mmoja nilikwenda kituoni peke yangu. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la mwisho la kwenda Bunda. Nilizunguka mlingoti, nikaona kila kitu kimesimama, nikashusha data, nikaandika daftarini maneno mawili: "Hali nzuri." Sikufunua mdomo wa kipima mvua. Ziara iliyofuata, rekodi ilionyesha siku 19 za masika bila tone. Nilichora grafu na kuanza kuwaza habari ya ukame. Mama mmoja wa dagaa alikuja kutuuzia samaki, akauliza tunatazama nini. Tukamwambia. Akaweka beseni chini.

"Siku 19 bila mvua? Fundi, mimi wiki juzi nimetupa ndoo tatu za dagaa waliooza kwa mvua."

Tulipofunua, tukakuta nyigu amejenga. Tone kwa tone alikuwa ameleta udongo laini na kuziba tundu la chini, chumba juu ya chumba, kazi safi ya ufinyanzi. Mvua ilikuwa ikijaa hadi mdomoni na kumwagika pembeni. Bembea ilikuwa kavu, na karani, mwaminifu kama kawaida yake, aliandika sifuri kila robo saa.

Jioni ile mwalimu wangu alinifundisha jambo ambalo ninaliona ndiyo maadili yote ya kazi hii. Alinitaka nifute zile sifuri. Nikashangaa, kwani yeye ndiye aliyekuwa amenikataza kufuta. Akasema: sifuri ni neno. Sifuri inasema, "Nilikuwepo, nikatazama, mvua haikunyesha." Wewe hukutazama. Weka nafasi tupu, na pembeni andika kwa nini ni tupu. Neno lenyewe sifuri tulilipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni tupu. Lakini katika daftari la fundi yale mawili yameachana. Tupu inasema "sijui." Sifuri inasema "hakuna." Anayeyachanganya anaweza kuunda ukame usiokuwepo, na mtu wa mbali, ofisini, akaupangia bajeti.

Kinasa data chenyewe hakiwezi kutofautisha "sijui" na "hakuna." Kampuni iliyokitengeneza haiwezi, na programu ya kuchora grafu haiwezi. Anayeweza ni yule aliyerudi, akafunua, akaona nyigu, na jirani yake mwenye beseni la dagaa. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijafungua kufuli, huvuka barabara kwanza, nikasalimu, nikauliza mvua za karibuni zimewatendea nini. Majibu nayaandika daftarini kando ya volti na sentimita. Na maneno "Hali nzuri" siyaandiki tena. Naandika nilichokitazama.

Ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, kisiwani Ukerewe, aliishi mnasa kumbukumbu wa aina nyingine. Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akinasa ndani yake jinsi watu wake walivyooana, walivyotibiana, walivyolima na walivyovua. Mchapishaji hakupatikana. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Huwa namfikiria nikiwa kwenye foleni ya kivuko. Kunasa kulimalizika mwaka 1945. Kilichofuata kilikuwa kutunza: karatasi zisiliwe na mchwa, zisilowe, zisitupwe na mtu asiyejua ni nini. Mradi wa kisasa unaokuja na vinasa data kumi na kuondoka baada ya uzinduzi hauna habari ya kipindi hicho cha pili, ambacho daima ndicho kirefu.

Nimeingia katika stoo za namna hiyo. Visanduku vyeupe vimepangwa, vingine bado vina nailoni yake. Ukiuliza, utaambiwa kifaa kiliharibika. Ukikifungua, utakuta betri ya bei ya mbuzi mmoja imekufa, au bando la laini ya kutuma data liliisha na hakuna aliyepewa jukumu la kununua jingine. Kifaa chenyewe hakina ugonjwa. Hakuna aliyerudi.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wakurugenzi, walimu wakuu, vikundi vya wavuvi na wafadhili wanaotaka kujua mvua na maji ya kwao. Nunueni kinasa data, kwa sababu bila daftari hata ziwa linaweza kuisha bila habari. Lakini katika ukurasa uleule wa bajeti wekeni nauli ya fundi kila mwezi kwa miaka mitano, chembe za silika, betri ya pili, na kaunta buku moja. Fedha zikipungua, punguzeni idadi ya vifaa, msiguse nauli. Kituo kimoja kinachotembelewa kina ukweli mwingi kuliko kumi vilivyosahauliwa.

Sasa imefika saa tano. Fundi amefunga kufuli, amefuta paneli, na chupa yake imetoa mibinuko 99. Ameandika 99, hakuandika 100. Mstari wa mwisho katika daftari ni tarehe ya kurudi.